Kamongo Hana Haraka

Mama mkwe wangu hakumheshimu tai hata kidogo. Jumapili moja mhubiri mgeni alikuja kanisani kwetu, kule chini ya Ndhiwa karibu na kinamasi cha Mto Kuja, akatufundisha uvumilivu kwa habari za tai: anavyopaa juu ya dhoruba wenzake wakijificha, anavyojing'oa manyoya makuukuu na kukaa uchi mlimani mpaka yaote mapya. Mhubiri mwenyewe alikuwa amekunjua mikono, karibu aruke. Mama akasimama katikati ya wazee wenzake, kilemba kimeenda upande, akasema kwa sauti ya sokoni, "Pasta, huyo tai naiba vifaranga yangu. Leta mnyama ingine."

Mhubiri, masikini, akafanya kosa la kumwuliza angependa mnyama gani.

"Funza," akasema mama. "Hana mbawa, hana meno, hata kichwa yake huoni. Lakini akiingia kwa kidole, chifu mwenyewe nakaa chini, navua kiatu mbele ya watu. Hiyo ndiyo nguvu."

Akaketi. Ibada ile haikusimama tena sawasawa. Mimi nilitoka nje na mtoto mgongoni nikijifanya yeye ndiye analia, kumbe ni mimi nilikuwa nimebanwa na kicheko.

Mimi ni Mkuria wa Ntimaru. Niliolewa kwenye boma lake mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mwanawe wa kwanza, fundi wa baiskeli niliyekutana naye Migori mjini. Nilifika bila neno la Dholuo, lugha ya Wajaluo, na yeye Kikuria hakukijua wala hakukitaka, kwa hiyo tukaishi kwa Kiswahili. Changu nilikuwa nimekua nacho, maana sisi wa mpakani tunachunga ng'ombe kwa Kiswahili. Chake alikiokota sokoni Migori, alikokuwa akiuza samaki wa kukausha mbele ya maduka ya Waislamu, na alikitumia kama panga, bila kuangalia kimekata nini. Aliniita Nyar Ntimaru, yaani binti wa Ntimaru. Akikasirika aliniita "mtu wa ng'ombe", kwa sababu kwetu samaki hatukumzoea, na wiki zangu za kwanza nilimla nikimchambua mfupa baada ya mfupa.

"Nakula ama nafanya posti mota?" alikuwa akiniuliza, na familia nzima inaacha kula ili inicheke.

Alivuta sigara kwa namna ya wanawake wa zamani wa ziwani, upande wa moto ukiwa ndani ya mdomo. Mara ya kwanza kumwona nilidhani amekosea, nikapiga kelele. Akanitazama, moshi unamtoka puani, akaichomoa sigara, akanionyesha moto, akairudisha palepale. Baadaye nilimwuliza sababu. Akanipa mbili. Ya kwanza, upepo wa ziwani hauwezi kuzima moto uliouficha mdomoni, na mtu pia afiche wake hivyo. Ya pili, ukivuta hivyo watu hawaoni kama unavuta, na hawakuombi. Nilipozidi kumfahamu nilijua kwamba ile ya pili ndiyo iliyokuwa ya kweli. Uchoyo wa sigara alikuwa nao wa kupindukia.

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Kila kilichotambaa mbele yake alikifanya mwalimu, na hakuchagua wazuri. Simba hakumtaja kamwe. Alimsifu sangari, lile jani linalotambaa shambani na kutuvunja mgongo. "Nachimba yeye, nachoma yeye, narudi na ndugu zake," alisema, na dakika iliyofuata analing'oa kwa matusi ambayo sitayaandika hapa. Gugumaji lilipoingia ziwani na kuziba ufuo wa Homa Bay hata boti za kisiwani Mfangano zikakwama, watu wote walilia. Mama alikwenda kujionea mwenyewe. Alirudi amekasirika, maana samaki hawakupatikana, lakini pia alirudi na furaha fulani isiyofaa. "Hiyo kitu haina shamba, haina mizizi kwa udongo, haina mama," akasema. "Na imeshinda serikali!" Nilimwuliza yuko upande gani. Akasema yuko upande wa anayeshinda, tena nisimsumbue.

Wala msidhani alikuwa jasiri wa kila kitu. Kinyonga alimtimua mbio mpaka uzeeni. Mwanamke aliyeweza kumfukuza fisi kwa mwiko alikuwa akimwona kinyonga juu ya ua anazunguka njia yote ya mtoni ili asimpite. Nilimwambia, mama, huyu naye hana somo? Mbona ana subira kuliko wote? "Huyo hana subira," akasema, tayari yuko mbali. "Huyo napanga kitu."

Lakini mwalimu mkuu kwake alikuwa kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka, mwenye mapafu. Kiangazi kimoja alinipeleka kwenye kinamasi kilichokauka, akapiga jembe kwenye tope gumu, akatoa bonge, akalipasua. Ndani palikuwa na kamongo amejikunja, mkia umefunika uso, ngozi imekauka juu yake kama karatasi. Nikasema huyu amekufa. Mama akamtupa kwenye beseni la maji, akakaa kitako kungoja. Baada ya muda yule samaki akafunua mdomo, akavuta pumzi kama mzee anayeamka, na mama alipoingiza mkono kumsifu, akamng'ata kidole.

Nikacheka. Mama akatukana, akanyonya kidole, kisha naye akacheka mpaka machozi.

"Umeona? Amelala bila maji, bila chakula, watu nakanyaga juu yake. Nasema huyu ameisha. Yeye nangoja tu. Kamongo hana haraka. Halafu mvua nakuja, na kitu ya kwanza nafanya ni kuuma mtu."

Alimwuza maisha yake yote na hakumwonja. Wanawake wengi wa rika lake hawakumla, ilikuwa mwiko. Mama hakutoa sababu ya mwiko. Alisema tu kwamba mtu hali mwalimu wake.

Kisha mume wangu akafa. Lori alilopanda kutoka Migori lilipinduka, na nikarudishiwa mtu amefungwa shuka. Nilikaa chini miezi. Sikuchana nywele, sikujibu salamu, watoto wangu wawili walilishwa na wengine. Mama, ambaye alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza, alinivumilia kwa muda, halafu asubuhi moja akaniwekea mjusi mapajani. Mjusi mzima, hana mkia.

"Paka alimshika," akasema. "Ameacha mkia, ameenda zake. Ataota ingine, mbaya, fupi, lakini ataota. Wewe nakaa hapa nalilia mkia?"

Nilimchukia siku ile. Nasema waziwazi, nilimchukia kwa moyo wote, na hasira ndiyo iliyoniinua kwenye mkeka. Nilikwenda mtoni kuoga kwa sababu tu sikutaka kumwona. Siku chache baadaye nikapita nyuma ya nyumba yake kutafuta kuni, nikamkuta ameipindua baiskeli ya marehemu, anaipangusa spoki moja moja kwa leso yake, anaongea nayo kwa Dholuo taratibu kama mtoto mgonjwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa baiskeli ile. Nikamwuliza, "Na huo, mama, si mkia?"

Akanirushia kile kitambaa usoni. Halafu akanisogezea upande mmoja wa tairi, tukapangusa pamoja.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike haya yote, na kwanza mjue desturi. Katika boma la Wajaluo msimu wa kupanda hufunguliwa na mama mwenye boma. Yeye ndiye anayetia mbegu ya kwanza ardhini. Anafuata mke wa mwana wa kwanza, ndipo wengine. Ukimruka umejiletea chira, laana inayomkondesha mtu na watoto wake mpaka waishe, na sijaona msomi wa kule, hata mwenye digrii, aliyekuwa tayari kuijaribu. Desturi nyingine ni kwamba mjane hashiki mbegu mpaka awe amerithiwa, yaani ndugu wa marehemu aingie nyumbani mwake.

Ndugu wa marehemu alikuwepo. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa mtu wa koti. Koti la kahawia, zito, juani na mvuani, vifungo vyote vimefungwa. Kiangazi kilipokaribia kuisha alikuja na wazee wawili wa ukoo, wakaketi kwa mama, nikaitwa. Shemeji akasema kwa upole sana kwamba ama nirithiwe naye kabla ya mvua, ama nirudi kwetu Ntimaru. Nikirudi, watoto ni wa boma, watabaki. Shamba la kando ya mto, lile lenye udongo mweusi alilolimia mume wangu, litabaki pia. Shamba lile shemeji alikuwa akilitazama tangu matanga, nilimwona.

Nikasema sitaki kurithiwa. Mzee mmoja akaniambia hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Nikamtazama mama. Alikuwa anavuta sigara yake, moto ndani, macho kwenye kuku. Hakusema neno! Mwanamke aliyemkatiza pasta kwa ajili ya tai, leo kanyamaza. Walipoondoka nikamfuata jikoni.

"Mama, watanitoa. Watachukua watoto wangu. Na wewe umekaa tu."

"Mvua bado," akasema, akaendelea kugeuza ugali.

"Mvua inahusu nini?"

"Mtu wa ng'ombe, nimekuambia nini juu ya kamongo?"

Nilidhani uzee umemfikia. Nilianza kufunga nguo za watoto nikipanga kutoroka nao kwenda kwetu.

Mvua ikafika. Ilinyesha vizuri mwaka ule, mapema na kwa kujaza, na majirani wote wakaingia shambani. Shemeji alikuwa ameshakodi ng'ombe wa kulima, ameshanunua mbegu. Asubuhi akasimama mlangoni kwa mama, koti limelowa.

"Mama, mvua imefika."

"Nimesikia. Iko juu ya bati."

"Unafungua lini?"

"Mgongo nauma."

Kesho yake ukawa mguu. Siku nyingine mwezi haukukaa vizuri angani. Siku nyingine alikuwa ameota ndoto ya nyani na ndoto ile haimruhusu mtu kushika jembe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mzima kabisa, anakula njugu. Ng'ombe wa kukodi walisimama wakitafuna majani yetu. Boma zima lilikuwa limefungwa na kikongwe mmoja, na hakuna aliyethubutu kumruka. Mke wa shemeji alipita kwangu akijifunika mdomo kwa leso, na macho yalionyesha anacheka. Yeye naye hakuwa na hamu ya kugawana mume, hasa yule. Mahindi ya jirani yakachipua, yakawa yanatuchungulia juu ya ua.

Ndipo nilipofahamu. Nikafungua kile kifurushi cha nguo, nikazirudisha nguo za watoto kwenye kamba.

Shemeji akawarudisha wale wazee mbio. Wakamsihi mama. Wakamtisha kidogo. Mama akaizima sigara kwenye kigoda, na hapo nikajua mambo yameanza, maana hakuwahi kuizima sigara kabla haijaisha.

"Nyinyi wazee," akasema, "mimi nilirithiwa. Mnakumbuka. Yule mtu alinimalizia kuku wote, akarudi kwa bibi yake amenona." Mzee mmoja akakohoa, kwa sababu mrithi yule alikuwa kaka yake. "Sasa niambie. Nikikufa, nani nafungua mbegu hapa? Ni bibi ya mtoto wa kwanza. Ni huyu. Mkimtoa, nani nafungua? Wewe?" Akamnyoshea shemeji kidole. "Wewe na koti?"

Shemeji akasema desturi ni desturi, lazima mwanaume aingie nyumbani.

"Kweli," akasema mama kwa unyenyekevu ambao ulinitia baridi. "Mimi mzee, siwezi vunja desturi. Desturi nataka mwanaume kwa nyumba ya mjane. Basi leta koti."

"Koti?"

"Koti yako ilale kule. Koti ya mwanaume ni mwanaume. Ama hapana?"

Wazee wakainamishiana vichwa. Yule aliyekohoa akakiri, bila furaha, kwamba kwa wajomba zake jambo hilo lilishawahi kufanyika na hakuna aliyekonda. Mvua ikaanza tena kupiga bati. Nadhani mvua ndiyo iliyowashawishi kuliko mjomba yeyote. Wakamgeukia shemeji, naye akashika vifungo vyake kama msichana.

Alipolivua ndipo tulipojua kwa nini hakuwahi kulivua. Shati lilikuwa na kola na kifua tu, mgongoni hamna kitu, ni ngozi na uzi. Alisimama pale mvuani, mgongo wazi, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Mama hakumwonea. Alilipokea koti, akalinusa, akakunja uso, akanipa.

Nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Asubuhi mama alikuja kabla sijawasha moto, amefunga kibwebwe, ana kibuyu cha mbegu.

"Mume wako amelala namna gani?"

"Hakukoroma, mama."

"Huyo ni mume mzuri. Shika jembe."

Akafungua msimu. Akatia mbegu zake kwenye udongo, akanyooka akishika kiuno, akasimama pembeni. Nikapanda mimi, kwenye udongo mweusi wa kando ya mto, nikilia waziwazi na mvua ikinisaidia. Nyuma yangu ndipo ng'ombe wa shemeji walipoanza kusogea.

Baadaye shemeji alikuja kudai koti lake. Mama akamwuliza kama anataka talaka, kwa sababu ikiwa ni talaka wazee lazima waitwe. Akaenda kununua jingine. Lile la kwanza lilikatika utepe wa kutundikia, likaanguka, na kuku wangu mmoja akalipenda, akatagia ndani ya mkono wa koti. Vifaranga vilivyotoka humo mama aliviita watoto wa shemeji mpaka mwisho, mbele ya mwenyewe.

Miaka ya mwisho ya tisini ilimkuta amelala. Walimpeleka hospitali Homa Bay, akagombana na kila mtu kwa sababu ya sigara, wakamrudisha. Mvua za mwaka ule zilipokuja hakuweza kusimama. Nikaazima wilibaro kwa jirani anayejenga, nikatandika mkeka ndani, nikamkalisha. Alikuwa mwepesi kuliko debe la omena, wale dagaa wa ziwani. Nikamsukuma mpaka shambani, analaani kila jiwe. Nikachimba shimo, akadondosha mbegu kutoka kwenye wilibaro, nyingine zikaingia, nyingine zikaenda zake.

"Washa," akasema. Nikamwashia sigara, akaigeuza, moto ndani. Tukakaa tukitazama upande wa kinamasi, kilikuwa kimeanza kujaa.

"Nyar Ntimaru. Kuna kitu sikukuambia."

"Niambie, mama."

"Ile kamongo. Mimi nilichimba kamongo tangu msichana. Ingine nachimba, napata imekauka. Imekufa ndani ya matope. Nangoja, nangoja, mvua nachelewa, nakufa. Nyingi."

Nilimtazama. Miaka yote ile nilikuwa nimejishikiza kwa samaki huyo.

"Mbona hukuniambia?"

Akatoa moshi puani.

"Ungengoja?"

Akanitazama usoni, akafurahi sana, akaniamuru niache kukodoa macho nipande, ardhi inalowa bure.

Alikufa kiangazi kilichofuata, kabla ya mvua, akiwa na sigara za kutosha chini ya mto wa kulalia. Nilimlilia kwa sauti ambayo sikumlilia mwanawe. Kisha mawingu yakaja kutoka ziwani, ikanyesha siku nzima, na asubuhi nikasikia mtu anakohoa kwa heshima nje ya ua wangu. Alikuwa shemeji, ndani ya koti lake jipya lililokwisha kuzeeka, jembe begani. Nyuma yake ng'ombe wa kukodi, mke wake, boma zima.

"Shemeji," akasema, "mvua imefika."

"Nimesikia," nikamwambia. "Iko juu ya bati."

"Basi unafungua lini?"

Jembe langu lilikuwa mlangoni na mbegu zilikuwa tayari zimechaguliwa tangu jana. Nikavuta kile kigoda cha mama, nikaketi, nikamwambia angoje kidogo, bado nakunywa chai.